Barua kwa sheha, na sheha akatae
Walimu wenzangu wa skuli za msingi, insha ya kushawishi ikipoa darasani, waambieni watoto wamwandikie barua sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwao. Waombe jambo linalowagusa: taa kwenye njia ya chuoni (madrasa) jioni, au hapa Pemba, karafuu zisianikwe barabarani.

Kisha wabadilishane barua. Kila mmoja awe sheha na akatae kwa sababu moja nzito: "Uani hapatoshi, zianikwe wapi?" Barua irudi kwa mwenyewe, aijibu hoja hiyo kwa aya mpya. Hapo ndipo penye kazi yenyewe! Mtoto aliyekuwa akirudia "tafadhali sana" anaanza kumfikiria msomaji wake. Mimi tahajia siigusi siku hiyo. Naingoja nakala ya mwisho.