Bango la Amri Kumi darasani kwa mtoto, mzazi uliyeko Marekani uanzie wapi

Wazazi mlioko Texas na Louisiana, mtoto akirudi na stori ya bango la Amri Kumi darasani msikimbilie kugombana na mwalimu, pengine na yeye kaletewa tu. Muulize mtoto kwanza: nani kaliweka? Kesi yote iko hapo. Rekebisho la Kwanza la Katiba, lile la uhuru wa dini, linaibana serikali isisukumie watu dini, na shule ya umma ni serikali, halimbani mwanao. Binti kuvaa hijabu, kijana kuvaa msalaba, watoto kusali wenyewe wakati wa mapumziko, hiyo ni haki yao.

Sasa bango la shule. Mwaka 1980, kesi ya Stone v. Graham, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya jimbo la Kentucky iliyotaka Amri Kumi kila darasa. Mabango yale yalinunuliwa kwa michango ya watu, na chini yaliwekewa maandishi madogo eti ni mambo ya historia ya sheria, majaji wakakataa, japo kwa kura 5 kwa 4. Kwa hiyo ukiambiwa "hili tumepewa bure tu" jua hoja hiyo ilishagonga mwamba zamani. Ila usivimbe kichwa, maana 2022 kwenye kesi ya kocha wa shule ya Bremerton, jimbo la Washington, aliyekuwa akisali uwanjani baada ya mechi, mahakama hiyo hiyo ilitupa kipimo cha zamani cha kuamua kama serikali imeingiza dini, ikasema tuangalie historia na desturi, ndo Louisiana 2024 na Texas 2025 wakaja na sheria zao za kutaka Amri Kumi madarasani. Ya Texas inataka bango la angalau inchi 16 kwa 20, lisomeke kutoka popote darasani. (Na amri zenyewe Wakatoliki na Waprotestanti hawazihesabu sawa, sijui hapo nani kaulizwa.)

Cha kufanya: piga picha bango, watoto wasionekane, andika tarehe na namba ya darasa. Halafu mwandikie mwalimu mkuu imeili, sio simu, maana maneno ya simu yanakanwa: "Naomba kujua bango hili limewekwa kwa sheria gani, nani kalitoa, na kama mwanangu analazimika kulisoma." Kiingereza kikisumbua omba mkalimani, ni bure, wanatakiwa wakupe. Uliza pia kama wilaya yenu ya shule imeguswa na amri yoyote ya mahakama ya kuzuia mabango haya, kwa sababu zile za 2025 kule Texas zilihusu wilaya zilizotajwa kwenye kesi tu, na mambo yanabadilika, angalia kesi imefikia wapi kabla hujatuma. Kimya kikizidi, watafute ACLU, shirika la kutetea haki za raia, wa jimbo lako. Na mtoto mwambie asilichane.