Namna ya Kuongeza Thamani ya Alizeti Kabla Haijatoka Dodoma

Uchumi wa mkoa hukua pale wakazi wake wanapojua kutengeneza bidhaa nyingi zinazohitaji ujuzi wa aina mbalimbali, si pale wanapoongeza magunia ya zao lilelile. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kongwa au Mpwapwa anayeuza alizeti ghafi, hatua ya kwanza ni kukamua mbegu, tena kwa kulipia mashine ya mtu mwingine kabla ya kukopa ili anunue yake.

Anika mbegu mpaka zikauke, zipepete na uzikamue, kisha yaache mafuta yatulie na uyachuje kabla ya kuyajaza kwenye madumu, kwa sababu mafuta yenye mashapo humfukuza mteja hata yakiwa halisi. Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, usiyauze kwa bei ya kutupa: wafugaji wa kuku na wa ng'ombe wa maziwa huyahitaji, na hapo umeshapata bidhaa ya pili.

Mafunzo na ushauri wa mashine vinapatikana SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, naisisitiza mno, kwani ndiyo inayokufungulia milango ya maduka makubwa. Kisha tafuta fundi wa vipuri na mtengenezaji wa vifungashio walio jirani nawe, mkubaliane kuuziana.