Jinsi ya Kujitolea Katika Uhifadhi wa Mikoko ya Gazi

Mikoko ya Ghuba ya Gazi, katika Kaunti ya Kwale, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, ni ardhioevu kama vilivyo vinamasi vya bara, kwa kuwa Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, unaingiza hata sehemu za bahari ambazo kina chake, maji yakikupwa, hakizidi mita 6. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao hulinda hekta 117 za mikoko na kupata fedha kutokana na biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu huifyonza na kuihifadhi. Fedha hizo zimetumika katika maji na shule za vijiji hivyo. Jirani yake akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya miti, ambako wageni hutembezwa kwa malipo. Anayetaka kujitolea hapa, basi, anaingia katika kazi ambayo tayari ina wenyewe.

Iandikie kamati ya mradi mapema, ukieleza unachokijua kwa hakika, kama vile useremala, kutunza vitabu vya fedha au kufundisha, muda utakaokaa na jinsi utakavyojigharimia, kisha uulize mwezi huo wana kazi gani. Usitangulize ombi la kupanda miti. Msitu wa mikoko ni wa umma na uko chini ya ulinzi wa sheria, kwa hiyo hata kuokota mbegu hufanywa kwa ruhusa. Asiye raia wa Kenya aulizie kibali kwa Idara ya Uhamiaji kabla ya kusafiri, kwa sababu kazi isiyo na mshahara nayo ni kazi.

Ukishapokelewa, ratiba yako itapangwa na maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na hata miti ya ukingoni mwa bahari hufikika kwa miguu. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na siku hizo hufaa zaidi kwa kazi za kitaluni. Kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kazi iliyoanza leo saa mbili asubuhi itaanza kesho karibu saa tatu. Ingia maji yakiwa bado yanatoka na uanze kurudi mara yanapogeuka, kwani vijito vya ndani huweza kujaa nyuma yako na kukukatia njia.

Kitaluni ndipo mgeni hujifunza mengi. Mkoko hasa, ule wenye mizizi iliyojipinda kama matao, huotesha mbegu yake ikiwa bado mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani. Iliyokomaa hutambulika kwa pete ya manjano chini ya tunda, nayo huachia kwa kuguswa tu. Ikihitaji kuvutwa, iache. Kagua kila moja, na uitupe yenye matundu ya wadudu. Mbegu hiyo huchomekwa matopeni moja kwa moja kiasi cha theluthi ya urefu wake, ncha ikiwa chini. Mchu, aina nyingine ya mikoko, una taratibu tofauti: mbegu zake hulowekwa mpaka ganda livuke, ndipo zikaoteshwa vifukoni chini ya kivuli.

Kosa linaloua miche mingi ni kupanda mti mahali pasipo pake. Kutoka baharini kuelekea nchi kavu, mlilana hutangulia, mkoko ukafuata, kisha muia na mkandaa, na mchu huvumilia chumvi kali ya upande wa juu. Mkoko ukichomekwa kwenye mchanga wazi wa mbele, mawimbi huung'oa. Na pale ambapo miche inaota yenyewe hapahitaji kupandwa kitu: kwa maoni yangu, siku moja ya kuzibua mkondo ulioziba, ili maji yaingie na kutoka, huufaa msitu kuliko mamia ya miche iliyopandwa kwa haraka ya kupiga picha.

Kazi ya upimaji huhitaji uaminifu kuliko nguvu. Mti hupimwa unene wake kwenye kimo cha mita 1.3, lakini mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Usikisie hata mara moja, maana hesabu ya hewa ukaa hutokana na vipimo hivyo. Tembea na mzee aliyewahi kukata miti, kwani atakuambia kwa jicho tu kama ni fito, pau, boriti au nguzo, yaani unene wake, kabla hujafungua utepe, na kumsikiliza ni sehemu ya kazi.

Vaa viatu vya kufunga kwa kamba, kwa sababu chaza walioganda mizizini hukata miguu. Waamkie wakubwa shikamoo, vaa nguo za heshima kijijini, usipange kazi mchana wa Ijumaa, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kabla ya kuondoka, kabidhi karatasi za vipimo zenyewe, zikionyesha kila mstari wa miche, aina yake na tarehe uliyopandwa, ili watakaohesabu tena baada ya miezi kadhaa wajue ni mingapi iliyoshika.