SOMO: Kununua na kutunza chakula cha kuku wa nyumbani kisiozee stoo

Habari zenu wafugaji. Hili ni la wenye kuku kumi, ishirini, hamsini pale nyuma ya nyumba, wale wa mabanda ya maelfu wana mambo yao. Humu kundini kila siku tunabishana chakula cha kampuni gani ndo kizuri, wakati kwa macho yangu hela nyingi inapotea kiroba kikishafika nyumbani, kinalazwa sakafuni, panya anatoboa, masika inaingia, mwezi wa pili mtu anauliza mbona kuku wameacha kutaga. Kwahiyo naanza na hesabu, dukani baadaye.

HATUA YA 1: Nunua cha kuisha ndani ya mwezi
Mtetea mkubwa anayetaga anakula kama gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Ukiwa nao 15 hiyo ni kama kilo 1.8, kiroba cha kilo 50 kinaisha wiki nne hivi, safi kabisa. Sasa una kuku watano na umebeba kiroba hichohicho kwa sababu bei ya jumla imekuvutia, kitakaa karibu miezi mitatu, vitamini zinapungua nguvu, mafuta yanachacha, kuku wanadonoa wanaacha. Bora uchange na jirani mgawane kiroba kimoja siku ileile kinapofunguliwa.

HATUA YA 2: Angalia umri wa kuku
Vifaranga stata mpaka wiki ya 8, halafu groa mpaka wanakaribia kutaga, kwa chotara kama Kroila na Saso ni kuanzia wiki ya 18 na kuendelea, kienyeji wenyewe wanachelewa zaidi. Wakianza kutaga ndo leyazi. Hapa kuna kosa naliona sana: mtu vifaranga wameishiwa stata anawawekea leyazi ya mama zao, si chakula tu? Hapana. Leyazi ina kalsiamu kama asilimia 3.5 mpaka 4 kwa ajili ya ganda la yai, kifaranga anataka kama asilimia 1 tu, ile iliyozidi inakwenda kumuua figo. Kama wote wanakaa banda moja, wakubwa kwa wadogo, wape groa wote afu weka kombe zilizosagwa, yale magamba yenye kalsiamu, kwenye kichombo cha pembeni, mtetea atafuata mwenyewe akihitaji. Mchezo huo ni kwa ambao wameshavuka stata lakini, vifaranga wa siku chache watenge.

HATUA YA 3: Dukani usione aibu
Soma tarehe ya kutengenezwa, angalia mshono wa kiroba kama haujafumuliwa na kushonwa upya. Omba kiwekwe kwenye mzani. Wa kupima kwa kilo (najua wengi ndo tunanunua hivyo, maisha yenyewe haya) uliza kiroba kilifunguliwa lini, ingiza mkono mpaka chini, ukikuta mabonge au joto achana nacho. Nusa pia. Chakula kizuri kinanukia unga na dagaa kwa mbali, kikinuka uvundo au mafuta yaliyochacha rudisha hata kama muuzaji ni shemeji yako. Vumbi jingi ni hasara, kuku wanaliacha chini ya chombo.

HATUA YA 4: Stoo
Chini weka chaga au mbao juu ya matofali, kiroba kisiguse sakafu wala ukuta, unyevu unapanda kutoka huko. Kisikae chini ya bati linalochemka jua zima. Kilichofunguliwa kimimine kwenye pipa au ndoo yenye mfuniko wa kubana, ila kabla ya kumimina kipya malizia cha zamani, futa pipa, likauke kabisa, maana ule unga wa chini uliobaki ndo unaambukiza kipya. Mbolea, mafuta ya taa, sumu ya panya, vyote chumba kingine. Panya dawa yake ni mfuniko na paka.

HATUA YA 5: Kulisha
Usijaze chombo, nusu inatosha. Kikining'inia usawa wa mgongo wa kuku hawachakuri kumwaga.

MASWALI YA WADAU

Swali (Kibaha): Mkuu, changu kimeota ukungu kidogo juu, nikianika juani si kinafaa?
Jibu: Hapana kaka. Jua linaua kuvu lakini sumukuvu, ile sumu iliyotolewa na kuvu, inabaki, na kukaanga au kuchemsha hakuimalizi. Kumbukeni Dodoma na Manyara mwaka 2016, watu walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Kwa kuku inapiga ini, mayai yanapungua, na mabaki yake yanaweza kufika kwenye yai unalokula wewe. Kama una bata ndo usijaribu kabisa, vifaranga vya bata vinakufa haraka kuliko vya kuku. Fukia.

Swali (Kondoa): Mimi nanunua mahindi gunia nikaparaze, nitajuaje yamekauka?
Jibu: Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kiasi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, acha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo bado mabichi. Isipoganda yamekauka kiasi, ila ongeza kuanika kidogo tena, ya kuweka muda mrefu yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13.5. Afu hifadhi kwenye mifuko ya PICS (ile isiyopitisha hewa), ukiibana vizuri yule dumuzi tunayemwita Skania anakosa hewa. Paraza kidogokidogo, yakishapasuliwa hayakai.

Swali (Mbagala): Dagaa wa bei chee wanafaa?
Jibu: Dada, tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji ukoroge. Mchanga utazama, utaona mwenyewe unanunua dagaa au ufukwe.

Swali (Mbeya): Nina mahindi ya mbegu yamebaki msimu uliopita, yale yenye rangi, naweza kuosha nikawapa?
Jibu: Usithubutu. Ile rangi ni alama kwamba yamepakwa dawa, na kuosha hakusaidii.

Swali (Tanga): Nimebadilisha kampuni, kuku wamegoma siku ya pili leo, wanachezea tu.
Jibu: Umewabadilishia ghafla mama. Kama cha zamani kipo changanya robo ya kipya na robo tatu ya zamani, ongeza taratibu kwa muda wa wiki. Kama kimeisha kabisa, nunua kilo mbili tatu za kile cha mwanzo. Ila kabla ya yote kinuse hicho kipya na uangalie tarehe, wakati mwingine kuku wana sababu.