Kabla Hujasema "Huyu Ameiva": Namna ya Kuwaonyesha Wenzako Picha ya Mnyama

Kambi yoyote ya uwindaji huku Rungwa, Kizigo au Muhesi, ikifika jioni utakuta watu wameinamia simu moja. Memori kadi imetolewa kwenye kamera iliyofungwa mtini, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, picha zimehamishiwa kwenye simu, na ubishi umeanza: huyu tandala ameiva, yaani amefika umri wa kuwindwa, au bado? Mgeni aliyelipa anataka jibu, mwindaji bingwa naye anataka jibu. Mimi mfuata nyayo, ambaye kesho alfajiri ndiye nitakayetangulia kichakani, nalitaka kuliko wote. Tukishaingia kwenye kwato hakuna tena nafasi ya kubishana.

Watu wa Manyoni mjini huniuliza kwa nini mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye mapori haya aombe maoni ya mwenzake juu ya picha ya nyati. Si unamjua nyati? Namjua. Ila picha humdanganya zaidi yule anayeitamani. Aliyehangaika na jua kutega kamera, akipata dume kwenye kioo cha simu, moyo umeshafyatua kabla jicho halijapima. Mwenzake ambaye hakutoa jasho kwa picha ile anaona kilichopo tu.

Halafu lipo suala la sheria. Uwindaji ni wa leseni, na leseni ina jina la mnyama. Kwa simba, kanuni zetu zinataka awe dume, tena wa miaka 6 au zaidi, na nyara hukaguliwa baada ya mnyama kuanguka. Ukikosea hapo huwezi kujitetea kwamba picha ilikuwa na giza. Ndiyo maana utaona mwindaji bingwa mwenye uzoefu mkubwa anampa simu dereva na kumwambia, "Hebu tazama pua," maana rangi ya pua ya simba hudokeza umri wake.

Anza na kamera, siyo na maoni

Ukiwapa watu picha mbovu watakupa maoni mabovu, hata wawe mabingwa kiasi gani. Kamera ifungwe kimo cha kiuno cha mtu mzima. Ukiifunga chini sana mnyama anapaa na pembe zake zinagusa mbingu, ukiifunga juu anaonekana mbuzi. Ielekeze kaskazini au kusini, maana ikitazama mashariki utapata kivuli cheusi kila asubuhi, saa ileile tandala anapokuja kunywa. Iwe mbali kidogo na mahali mnyama atakaposimama. Lenzi za kamera hizi ni pana, na kitu kilicho karibu nazo huvimba: nyati aliyenyoosha kichwa kuinusa kamera ana pembe za ajabu, mwili wake ukiwa nyuma kama wa ndama.

Ukimaliza kuifunga, fanya jambo ambalo wengi hulivuka kwa uvivu. Chukua fimbo ndefu yenye alama kila sentimita 10, mwambie mwenzako asimame nayo pale pale wanyama wanapopita, kamera impige, kisha mwondoke na fimbo yenu. Picha hiyo itunze. Siku mtakapobishana kama aliyepita ni tandala mkubwa kijana au tandala mdogo mzima, iwekeni kando ya picha ya mnyama. Tandala mkubwa dume hufika karibu mita 1.4 begani, mdogo ni kama mita 1 tu. Wote wawili wapo upande wetu huu, na mdogo akiwa karibu na kamera anaweza kuwapotosha watu wazima na akili zao. Kama fimbo haikusaidii, tazama koo: dume la tandala mkubwa lina ndevu zinazoning'inia toka kidevuni hadi kifuani, mdogo hana, ila ana mabaka mawili meupe shingoni. Hesabu na mistari ubavuni. Mingi na ya karibukaribu, kumi na zaidi, huyo ni mdogo.

Mtazame kwa karibu mnyama mmoja mmoja

Nyati ndiye anayezua ugomvi mwingi, na chanzo chake ni matope. Umri wa dume tunausoma pale shina la pembe mbili linapokutana juu ya paji. Kijana, pale katikati pana nywele na ngozi laini, na pembe bado zinaonekana mbili zilizoachana. Mzee, pamejaa na kukauka, pagumu kama gome la mkwaju, nywele zimekwisha. Sasa nyati akitoka kugaagaa, tope huziba ule mwanya na kuzilaza nywele, likikauka linageuka rangi ya pembe. Kwenye picha ya usiku, ambayo rangi zote zimeondoka, kijana wa namna hiyo anakuwa babu.

Nakumbuka picha moja kama hiyo. Mzee wetu wa kambi alikuwa hajafika motoni, nikampa simu kijana anayejifunza kazi.

"Dogo, unaonaje huyu?"

"Pagumu, kaka. Ila hapa katikati sielewi, ni pembe au ni tope?"

"Lipi linakufanya uulize?"

"Tope la usoni limepasuka. Na hapa juu limepasuka vilevile, mistari inaendelea."

Alikuwa amesema yote. Pembe haipasuki pamoja na uso. Tukaiacha kamera palepale, nyati akarudi mchana akiwa mkavu, na nywele zikaonekana wazi hata bila kuvuta picha.

Jambo jingine la nyati: upana wa pembe usikutie wazimu. Dume ambaye shina halijakaza anaweza kuwa mpana kuliko atakavyokuwa uzeeni, kwa sababu ncha husagika kadiri anavyochimba na kupigana. Masikio yanasaidia kupima. Yakiwa yamelala kawaida, wengi wetu tunakadiria ncha hadi ncha kama sentimita 80, kisha tunatazama pembe zimeyapita kiasi gani. Lakini huo ni upana tu, umri uko pale pajini. Tazama pia alivyo na nani. Madume wazee hujitenga na kundi kubwa, huishi wawili watatu, masikio yamechanika, uso umekaa kama gunia la zamani.

Tandala ni rahisi zaidi kuhesabika. Msokoto wa kwanza wa pembe hukamilika akiwa na miaka kama 2, na anakaribia miaka 6 ndipo anapofikisha misokoto miwili na nusu. Tatizo ni kwamba picha ya ubavuni huficha msokoto mmoja nyuma ya mwingine. Subiri picha ya mbele, au ya kiasi cha robo tatu, ambapo unaziona ncha zimegeukia wapi. Ncha ambazo bado zinaelekea ndani au juu tu, mwache aendelee kula majani.

Simba nitamgusa kidogo, kwa kuwa huyo hatumwamulii kwa picha moja wala kwa mtu mmoja. Watafiti wa simba wa Serengeti walichapisha mwaka 2004 kwamba pua huanza na rangi ya waridi na kuingia madoa meusi kadiri umri unavyokwenda, na dume ambaye weusi umepita nusu ya pua kwa kawaida amefika miaka 5 na kuendelea. Kwa hiyo pua peke yake haikufikishi kwenye 6, lazima uongeze makovu ya uso, meno, na umbo zima. Manyoya ya shingo usiyategemee sana, vichaka vya Itigi vinayanyoa. Na simba akiwa kwenye chambo, damu iliyokauka puani ni nyeusi kama kitu kingine chochote cheusi.

Wenzetu wa Marekani wanavyofanya

Mgeni mmoja kutoka Texas alikuwa na simu iliyojaa picha za kulungu wa kwao, yule mwenye mkia mweupe na pembe za matawi. Anazituma kwa kaka yake, kwa jirani, kwa mtu aliyesoma naye, kila mmoja atoe umri. Nikamwuliza kwani pembe hazisemi? Akacheka. Kule pembe hudondoka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuota upya, kwa hiyo si kitabu cha umri kama za nyati au tandala, ambazo zikishaota mnyama hufa nazo. Dume la miaka 3 na nusu lililoshiba linaweza kubeba pembe nzuri kuliko babu yake. Wao husoma mwili: kwa kijana shingo inaonekana imechomekwa kifuani na miguu ni mirefu, kwa mzee shingo na kifua vimekuwa kitu kimoja, mgongo umebonyea, tumbo limeshuka na miguu imekuwa mifupi. Hiyo "na nusu" ni kwa sababu watoto wanazaliwa karibu mwezi Mei na Juni na uwindaji ni wa miezi ya mwisho wa mwaka.

Wana pia hesabu ya pembe ya klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa 1887, inayojumlisha urefu wa pembe kuu, matawi, upana wa ndani na unene. Kwenye picha wanaikadiria kwa masikio, ambayo yakitegwa mbele hufika karibu sentimita 40 ncha hadi ncha. Lakini nililolipenda kwake ni jambo jingine: mnyama akishapigwa wanatazama taya, meno yalivyosagika, kisha wanarudi kwenye yale maoni kuona nani alikaribia.

Namna ya kuuliza

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, na ni kwa sababu ya adabu zetu. Ukiweka picha katikati ya watu na mzee akasema "huyo ameiva", umekwisha. Hakuna kijana wa Kigogo wala wa Kinyaturu aliyelelewa vizuri atakayempinga babu mbele ya mgeni. Utapata maoni sita yanayofanana na utadhani umepata ushahidi, kumbe umepata maoni ya mtu mmoja na vitikio vitano. Kwa hiyo anza na mdogo kuliko wote, pembeni, kisha panda ngazi hadi kwa mzee. Mzee akijua utaratibu wenu hakasiriki. Wetu siku hizi akiona simu inatolewa anaaga, "Ngoja nikachote maji kwanza," na maji yenyewe hachoti.

Usiulize "Dume kubwa eh?" Hilo ni ombi la kupongezwa. Uliza "Unamwona wa miaka mingapi?" na akishajibu, "Umeona nini?" Swali la pili ndilo lenye mali. Anayesema "nahisi tu" mshukuru, endelea kwa mwingine. Anayesema "ngozi ya shingo imeanza kukunjana hapa chini" mkalishe.

Toa picha zote za mnyama yule, pamoja na zile mbaya. Ukichagua ile moja aliyoonekana mfalme, umeshajibu swali kwa niaba ya wenzako. Usizikate kingo, kwa sababu mti na nyasi za pembeni ndizo zinazopima. Ukizituma kwa WhatsApp kwa mtu aliyeko Dodoma au Singida, zitume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, la sivyo zinabanwa na ule mwanya wa nywele unapotea wote. Mwambie saa iliyopigwa na umbali wa kamera.

Kisichosemwa ni mahali. Usitaje bwawa, usitaje korongo, na ile alama ya eneo ambayo simu huiweka ndani ya picha izime kabla. Picha ya dume zuri ikizunguka kwenye makundi haikai kwa watu wema peke yao, na majangili hawahitaji kuuliza umri.

Wapo pia wanaotuma picha ili kusifiwa, utawajua kwa kuwa ukisema "bado mdogo" wananuna siku nzima. Hao wasifie tu mkale chakula kwa amani, mradi bunduki haiko mikononi mwao.

Majibu yaandikwe. Daftari la kawaida linatosha: picha ipi, nani alisema nini, aliona nini, na baadaye meno na pembe vilisemaje. Baada ya msimu mmoja, daftari linaanza kuwatenga watu. Kwetu, mzee hakosei nyati. Yule kijana wa tope ana jicho la simba, anaona makovu ambayo sisi tunayavuka. Kwenye tandala tunashindwa wote na mpishi, ambaye hajawahi kushika bunduki na hamu yake kwa mnyama yeyote ni kujua kama nyama itatosha. Kwa hiyo picha za tandala sasa zinapita jikoni kwanza, kabla hajaanza kusonga ugali, maana akishashika mwiko hataki kusumbuliwa.