Namna ya Kufuatilia Historia ya Jengo la Biashara la Enzi ya Victoria Lililobomolewa

Anayetafuta habari za jengo la biashara la enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza (1837–1901) lililotoweka katikati ya mji mdogo wa Marekani na aanze na kiwanja, si jina la jengo, kwa sababu wenye maduka walibadilika na namba za mtaa mara nyingi zilipangwa upya, ilhali mipaka ya kiwanja hudumu zaidi. Katika ofisi ya kaunti inayotunza hati za ardhi, omba faharasa ya wauzaji na wanunuzi, kisha urudi nyuma hati kwa hati.

Hatua inayofuata ndiyo yenye hazina kubwa kuliko zote: ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa mwaka 1867 na kuchora maelfu ya miji. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka nyingi kwenye intaneti. Kwa kuwa kampuni za bima zilitaka kujua hatari ya kila jengo kuungua, rangi ya waridi ilionyesha matofali, manjano mbao, buluu mawe, na tarakimu ndani ya mchoro ilitaja idadi ya ghorofa. Ukilikuta jengo katika toleo moja na kiwanja kitupu katika toleo linalofuata, umekwisha kupata kipindi cha kupekua magazeti. Hata hivyo, kagua vizuri, kwani baadhi ya nakala zilisahihishwa kwa kubandika vipande vya karatasi juu ya mchoro wa awali, hivyo mwaka ulio kwenye jalada waweza kukupotosha.

Wapangaji utawapata katika vitabu vya anwani vya mji, vilivyoorodhesha wakazi na biashara. Usitegemee sensa ya mwaka 1890, kwa maana karibu yote iliteketea au kuharibika kufuatia moto wa mwaka 1921 jijini Washington.

Unapotafuta picha, tafuta pia gwaride, mafuriko na mazishi, kwa kuwa jengo lisilopigwa picha kwa ajili yake lenyewe huonekana nyuma ya watu.

Hatimaye nenda mahali penyewe. Ukuta wa jirani uliobaki aghalabu huwa na mashimo ya boriti na alama ya ngazi iliyopanda kwa mshazari, nami sijaona hati inayonigusa kuliko alama hiyo. Pima kimo cha kila safu ya mashimo, upate kimo cha sakafu zilizokuwapo, na upige picha mapema, kabla ukuta haujapigwa plasta.