Kwaresima hii mtafute Mungu hapo hapo ulipo

Kila Jumatano ya Majivu tunatoka kanisani na majivu kwenye paji la uso na mipango kibao, rozari kila siku, misa ya asubuhi kila siku, kuacha soda, kuacha sukari, halafu wiki ya pili vyote vimekufa na mtu unaanza kujiona Mkristo feki. Mimi naona shida yetu ni kumtafuta Mungu kwenye muda ambao hatuna, wakati yeye yupo kwenye huu tulio nao.

Kwa hiyo fanya hivi, chagua kazi moja ambayo lazima uifanye kila siku, moja tu. Mimi nilichagua kuchambua mchele jioni. Nazima redio, simu naiacha chumbani, naweka ungo mapajani, na kila kijiwe ninachotoa nataja mtu, mama na miguu yake inayovimba, dada wa vitumbua pale kituoni ambaye siku ya tatu hajaonekana, jirani niliyegombana naye. Jina tu na "Bwana mhurumie", basi. Siku za mwanzo akili itakukimbilia kwenye kodi ya nyumba, usihangaike, itaje na hiyo kodi. Ilipita kama wiki hivi nikashtuka yule jirani namtaja na moyo haukazi tena, na sikujilazimisha, yaani hapo ndo nikajua sipo peke yangu jikoni. Hata nabii Eliya alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, ila Bwana alikuwa kwenye sauti ndogo ya utulivu.

Kama hupiki tumia daladala, vituo vitatu vya kwanza usiweke earphone, waangalie watu na uwaombee hivyo hivyo kimoyomoyo.

Kufunga sasa. Sisi Wakatoliki tunadaiwa kufunga siku mbili tu, Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia miaka 18 hadi 59, zinazobaki ni za hiari, lakini hela ya chakula ulichoacha isibaki kwenye simu maana itaisha kwenye bando. Weka kwenye kopo. Isaya 58 imesema wazi kabisa kwamba saumu anayoitaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Halafu tafadhali peleka mwenyewe kwa miguu, usitume tu, na ukifika kaa.

Mwaka juzi kopo langu lilitoa kilo mbili za unga na maharage kidogo, nikampelekea bibi mmoja wa jumuiya yetu anayelea wajukuu. Nikataka kuaga haraka haraka, akakataa katakata, akasema mgeni haondoki hivi hivi, akabandika chai, akachukua kikopo cha sukari akakigonga gonga kwenye kiganja mpaka punje za mwisho zikadondoka, zote akaziweka kwenye kikombe changu. Nilikuwa nimefunga sukari tangu Majivu. Niliinywa yote.